Buibui Hakunyonyi Damu, Angalia Godoro

Mama mmoja wa Kirumba, hapa Mwanza, amenijia na kopo la mafuta ya kujipaka. Ndani mna buibui mwenye miguu mirefu, miwili imeshakatika. Anataka nikapige dawa nyumba nzima, maana amesikia Ziwa Victoria lina buibui anayefyonza damu ya watu. Maneno haya nimeyasikia hadi nimechoka.

Buibui anayesemwa yupo kweli, ila siye wa kwenye kopo. Anaitwa Evarcha culicivora, jina alilopewa mwaka 2003, na anajulikana kandokando ya ziwa hili tu, upande wa Kenya na Uganda. Mengi tunayoyajua juu yake yametoka Mbita, mji wa Kenya kandokando ya ziwa. Ana milimita 5 hivi. Punje ya mchele inamzidi. Damu anaipenda, lakini mdomo wake haukuumbwa kutoboa ngozi yako. Anaipata tumboni mwa mbu jike aliyekwisha kukuuma: anamnyemelea ukutani, anamrukia, anamla na damu yake. Sasa aliyekunyonya ni nani hapo? Kinachowachanganya watu ni habari ya soksi. Watafiti walikuta buibui huyu anavutwa na harufu ya soksi iliyovaliwa. Ni kweli, lakini palipo na miguu ya watu ndipo penye mbu walioshiba, naye anawafuata hao.

Nikamwambia mama anionyeshe mguu. Madoa matatu, yamepangana kwa mstari. Mama, hao ni kunguni! Nenda kainue godoro, fuata mishono kidole kwa kidole, ukiona vitone vyeusi kama vya kalamu, niite nije na bomba. Buibui wa ukutani mwache.

Wengine hufagia utando wakidhani wamemwondoa huyo mla mbu. Huyu hategi utando, anawinda kwa macho. Hata akiwa mdogo anamtambua Anopheles, mbu wa malaria, kwa anavyotua, amebinua tumbo juu.

Na malengelenge mnayosema "buibui amenikojolea"? Mara nyingi ni yule mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, mliyemponda shingoni. Mpulizeni aruke, msimponde. Mkishamponda, osheni kwa maji na sabuni upesi.

Kuna kijana aliniuliza kama tunaweza kuwafuga hawa buibui tukaachana na chandarua. Hapana, kaka. Mbu ambaye buibui huyu anamtaka zaidi ni yule aliyeshiba damu, na mpaka huyo ashibe, wewe umeshaumwa.