Kuiona Barafu Si Kujua Muda Uliobaki

Wiki hii nimeambiwa tena kwamba kazi ya kuchimba mafuta kwenye bahari yenye barafu imerahisishwa: wekeni ramani moja ya barafu kwenye skrini zote, kila mtu aone kinachoonwa na mwenzake, basi. Nimechoka kulisikia hilo.

Machi 2017 mlima wa barafu uliipita SeaRose, meli ya kuzalisha mafuta mashariki ya Newfoundland, Kanada, kwa mita 180 hivi. Ndani mlikuwa na watu 84 na mapipa yapatayo 340,000. Mlima ule ulikuwa umeshaonekana, unafuatiliwa. Mpango wa kampuni yenyewe ulitaka meli ijinasue iondoke, nayo haikuondoka. Skrini ya ziada ingesaidia nini hapo?

Picha za setilaiti hufika zikiwa zimechelewa, na bahari ikichafuka rada hupoteza vipande vidogo. Hayo yanajulikana, nayaacha.

Linaloniudhi ni zile duara za rangi zinazochorwa kwenye ramani hiyo, kwa kilomita, kuuzunguka mtambo wa kuchimbia. Hazina maana mpaka mchimbaji aseme anahitaji saa ngapi kufunga kisima na kujitenga nacho. Bomba la kuchimbia likiwa limeshapandishwa kutoka kisimani, muda ni mfupi. Akiwa katikati ya kuteremsha mabomba mazito ya kuta za kisima, ambayo si kila vali ya dharura huweza kuyakata, muda unarefuka mno. Barafu ileile, umbali uleule, asubuhi haina neno na mchana ni hatari. Mchimbaji anajua namba yake; mwangalizi wa barafu, yuko meli nyingine, anajua yake, yaani saa zilizobaki barafu ifike. Namba hizo mbili ndizo za kushirikishana, pamoja na saa ilipotajwa kila moja na aliyeitaja. Kazi ya kisimani ikibadilika, namba ya zamani ifutwe.

Na namba ya mwangalizi nayo siiamini kupita kiasi. Tunakadiria barafu husukumwa kwa asilimia 2 hivi ya kasi ya upepo, ikipinda kulia huku kaskazini: upepo ukiwa wa mita 15 kwa sekunde, barafu huenda kama kilomita moja kwa saa. Upepo ukigeuka ghafla, bamba la barafu huweza kuzunguka na kurudi lilikotoka. Kwa hiyo nisipewe kadirio moja tu la saa ya barafu kufika. Nipewe saa ya mapema kabisa na ya kuchelewa kabisa, na uamuzi ufuate ile ya mapema. Jina la mwenye amri ya kuondoka liandikwe hapohapo, na kila zamu ilijue kabla haijapokea kazi.