Je, wanawake wote wa Marekani walianza kupiga kura mwaka 1920?

Wengi wetu tulifundishwa hivyo: mwaka 1920 wanawake wa Marekani walipewa kura, na kazi ikaisha. Si kweli, na wanaoumizwa na simulizi hiyo ni wale waliohangaika zaidi.

Marekebisho ya 19 ya Katiba, yaliyokamilika Agosti 1920 baada ya jimbo la Tennessee kuyaridhia, yanasema tu kwamba mtu asinyimwe kura kwa sababu ya jinsia yake. Basi. Hayakugusa vizuizi vingine. Majimbo ya Kusini yaliendelea kudai kodi kabla ya kura na mitihani ya kusoma, ambayo karani mzungu aliamua mwenyewe nani kafaulu. Mwanamke mweusi hakukataliwa kwa uanamke wake. Alikataliwa kwa visingizio hivyo, au kwa vitisho. Huko Daytona, Florida, Mary McLeod Bethune, mwalimu mweusi aliyeanzisha shule, alihamasisha watu weusi wajiandikishe, na usiku wa kuamkia uchaguzi wa 1920 Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi lililotisha watu weusi, wakaja shuleni kwake. Kesho yake alikwenda kupiga kura. Ujasiri wa namna hiyo unastahili kutajwa kila tarehe hii inapotajwa.

Wenyeji asilia walihakikishiwa uraia mwaka 1924 tu, na jimbo la Arizona liliwazuia kupiga kura hadi 1948. Kwa upande mwingine, wanawake wa Wyoming walikuwa na haki hiyo tangu 1869. Vizuizi vya Kusini vilivunjwa hasa na Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965.