Uliza mwenye klabu ni nani kabla ya kuuliza dau

"Kaka, kijana ametusua. Anaenda Uarabuni."

Maneno hayo nayasikia kila dirisha la usajili linapokaribia, na juzi nimeyasikia tena kutoka kwa mjomba wa winga mmoja wa Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu ya Tanzania. Nikamuuliza, "Uarabuni wapi, mjomba?" Akanyamaza kidogo. "Huko huko, kwenye mafuta." Nchi hakuijua. Jina la klabu alilitaja nusu. Lakini kiwanja Kibaha walikuwa wameshaanza kukiulizia bei.

Kazi yangu ni kusoma mikataba ya wachezaji kabla hawajasaini, na mara nyingi zaidi, kwa bahati mbaya, baada ya kusaini. Nimechoka na neno hili "Uarabuni" linavyotumika kana kwamba ni klabu moja yenye mhasibu mmoja na kisima kimoja cha mafuta. Jumuiya ya Nchi za Kiarabu ina wanachama 22. Somalia imo. Djibouti imo. Comoro imo. Timu ya Moroni, mji mkuu wa Comoro, ni timu ya nchi ya Kiarabu, na hakuna mjomba atakayenunua kiwanja kwa sababu mpwa wake amesajiliwa Moroni.

Najua imani hii inatoka wapi. Michael Olunga alikwenda Al-Duhail ya Qatar mwaka 2021, Wakenya wakaona maisha yake. Juni 2023 mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia ukachukua asilimia 75 ya Al-Hilal, Al-Nassr, Al-Ittihad na Al-Ahli, na magazeti hayajapumzika tangu hapo. Hizo ni klabu nne kwenye ligi ya timu 18. Chini yake kuna ligi nyingine, na nyingine tena, na nchi nyingine ambako mshahara wa mchezaji unategemea kama kiwanda kimeuza.

Sisemi kiwanda kwa mfano. Wazee wa Simba wanalikumbuka jina la Mehalla. Mwaka 1974, nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, kila timu ilishinda 1-0 nyumbani kwake, Simba ikatolewa kwa penalti. Waliotutoa ni Ghazl El Mahalla, na "ghazl" maana yake ni kusokota nyuzi. Ni timu ya kiwanda kikubwa cha nyuzi na nguo kilichoanzishwa mwaka 1927 katika mji wa El Mahalla El Kubra, ndani ya Delta ya Nile, kaskazini mwa Cairo. Klabu ilianzishwa mwaka 1936. Ikachukua ubingwa wa Misri msimu wa 1972/73, ikafika fainali ya Afrika baada ya kututoa sisi, ikafungwa na CARA ya Brazzaville. Hakuna tone la mafuta katika historia hiyo. Kuna pamba.

Kwa Mtanzania hili lilipaswa kuwa jambo rahisi kuliko yote. Tuna Mtibwa Sugar, bingwa wa 1999 na 2000. Tuna Kagera Sugar. Tunajua kabisa kwamba timu ya kiwanda hula pale kiwanda kinapokula. Tunajua JKT Tanzania, timu ya jeshi, si sawa na timu ya mfanyabiashara mmoja anayeweza kuamka asubuhi akasema amechoka na mpira. Ujuzi huo tunao wote, ila tukipanda ndege tunauacha uwanjani Dar es Salaam.

Tazama njia ya kiungo wetu Himid Mao. Mwaka 2018 alitoka Azam kwenda Petrojet, timu ya kampuni ya miradi ya mafuta. Baadaye akapita Ghazl El Mahalla, timu ya kiwanda cha nguo. Kisha Tala'ea El Gaish, ambayo ni ya jeshi. Nchi ileile, ligi ileile, waajiri wa aina tatu tofauti kabisa. Kampuni ina bajeti ya mwaka na idara ya fedha inayotaka karatasi. Jeshi lina amri. Halafu ipo klabu ya wanachama, yenye uchaguzi, na uchaguzi ndio unaonitisha kuliko yote, kwa sababu mwenyekiti mpya huja akisema deni si lake, ni la yule aliyeondoka. Kisheria hoja hiyo haina uzito wowote, deni ni la klabu. Lakini mchezaji aliyekaa kwenye chumba cha kupanga halili sheria. Ghazl El Mahalla yenyewe ilibadilisha mmiliki katikati ya safari: timu ikawekwa chini ya kampuni yake ya mpira, na mwaka 2022 hisa zikauzwa kwa umma, jambo ambalo klabu za mpira za Misri hazikuwa zimelifanya kabla. Mchezaji anayesaini leo lazima aulize anasaini na nani hasa: kiwanda, kampuni ya mpira, au chama cha wanachama? Jina kwenye jezi halijibu swali hilo. Muhuri kwenye mkataba ndio unaolijibu.

Halafu fedha yenyewe. Machi 6, 2024 Misri iliiacha pauni yake ielee, yaani soko lipange bei yake. Dola iliyokuwa kwenye pauni 31 hivi ikafika karibu 50 siku hiyohiyo. Mkataba wa pauni 620,000 uliokuwa sawa na dola 20,000 ukawa kama dola 12,400, na hakuna kiongozi aliyefanya kosa lolote. Kama mkataba ni wa fedha ya nchi, uliza kuna kifungu gani cha kumlinda mchezaji. Kama ni wa dola, uliza italipwa dola yenyewe au "kwa kiwango cha benki siku ya malipo".

Mambo mawili nayapita haraka. Mtoto chini ya miaka 18 hahamishwi kimataifa, isipokuwa kwa vifungu vichache ambavyo karibu kamwe si vyenu, kwa hiyo acheni kunitumia video za watoto wa miaka 16. Na kifungu kinachosema mkataba utaanza kufanya kazi "baada ya kufaulu vipimo" hakikubaliki kwa kanuni za FIFA. Vipimo kwanza, kusaini baadaye.

Sasa lile linaloninyima usingizi: mafungu.

Huku kwetu mchezaji anafikiri kwa mwezi. Mikataba mingi ya Misri na Afrika Kaskazini niliyoishika inafikiri kwa mwaka: jumla fulani kwa msimu, fungu la kwanza ukifika, mengine kwa tarehe. Mjomba anaona fungu la kwanza anadhani ni pesa ya usajili, na kwamba mshahara unakuja juu yake. Hapana. Mara nyingi huo ndio mshahara, umeanza kuliwa.

Kanuni ya FIFA, kifungu cha 14bis, inasema mchezaji asiyelipwa walau mishahara ya miezi miwili anaweza kuvunja mkataba kwa sababu ya haki, mradi ameidai klabu kwa maandishi na kuipa walau siku 15. Na kama halipwi kwa mwezi, inahesabiwa thamani inayolingana na miezi miwili. Kila mtu anaikariri sentensi ya kwanza na kuisahau ya pili.

Kijana mmoja niliyemsimamia alikuwa na mkataba wa miezi 12, dola 24,000, mafungu manne ya 6,000. Thamani ya miezi miwili ni 4,000. Fungu la pili halikuja. Alisubiri kwa maneno ya mdomo, "bodi mpya inaingia, vumilia," wiki baada ya wiki, bila barua hata moja. Aliponipigia tukaandika barua siku hiyohiyo. Siku ya 13 klabu ikalipa 3,000. Yeye akafurahi, akanitumia picha ya muamala. Mimi nikakaa chini. Deni lilikuwa limebaki 3,000, chini ya 4,000, na hoja yetu ya 14bis ikawa imedhoofika. Klabu ilijua hesabu kuliko sisi.

Tulibaki na haki ya kudai. Kesi ya mchezaji na klabu mbele ya chumba cha usuluhishi cha FIFA haina gharama za kesi, ilimradi ifunguliwe ndani ya miaka miwili, na klabu ikishindwa kulipa ndani ya siku 45 baada ya uamuzi inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini kijana alikuwa na miaka 22 na alihitaji kucheza. Nilimshauri abaki amalize msimu. Alibaki, akacheza, akarudi na sehemu tu ya stahiki zake, na mpaka leo sijui kama nilimshauri vizuri. Angeondoka mapema pengine angepata timu Januari. Pengine angekaa nyumbani mwaka mzima akisubiri uamuzi. Semina za mikataba hazifundishi hapo, zinaishia kwenye namba ya kifungu.

Kwa hiyo juzi nilimuomba mjomba vitu vitatu: jina kamili la mwajiri lililo juu ya mkataba, aina ya fedha, na ukurasa wenye tarehe za mafungu. Dau sikuuliza.

Jioni akanitumia picha moja. Ulikuwa ukurasa wa mwisho, sahihi ya kijana ikiwa imeshawekwa.