Nyumba bila kianzio: muulize muuzaji kabla ya benki

Mtu akikwambia amenunua nyumba bila kutoa hata senti, usimbishie. Muulize tu: senti alitoa nani? Maana muuzaji hakuondoka mikono mitupu. Ama benki ililipa, ama ndugu, ama mbia, au muuzaji mwenyewe alikubali kusubiri. Hiyo ya mwisho ndiyo nitakayoizungumzia zaidi, kwa sababu ndiyo inayosahaulika.

Kazi yangu ni kupanga mikopo ya nyumba na kupitia mikataba kabla watu hawajatia saini. Wengi wanaonijia wana kipato kizuri. Kinachowashinda ni kianzio, yaani ile sehemu ya bei unayoitoa mwenyewe mwanzoni. Na wengi wameshakaa kwenye semina za kununua bila pesa. Semina zile hazidanganyi sana, zinakupa tu nusu ya habari.

Nusu iliyobaki ni kwamba kianzio humkinga mkopeshaji. Chukua nyumba ya 1,000, kwa sarafu yoyote unayotumia. Umetoa 200, benki imekopesha 800. Ukishindwa kulipa na nyumba ikauzwa 850, benki inapata chake na hasara inabaki kwako. Usipotoa kitu, hasara ya kwanza ni ya mwenye pesa, naye analijua hilo vizuri kuliko wewe. Ndiyo maana kianzio hakiondoki mpaka apatikane mtu wa kuibeba hatari ile. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1944, serikali ilianza kudhamini sehemu ya mikopo ya askari waliorudi kutoka vitani, na benki zikawakopesha bila kianzio. Hazikushikwa na huruma ya ghafla. Zilikuwa na mdhamini. Huko huko, kabla ya mgogoro wa kifedha wa 2008, wanunuzi walikuwa wakipewa mkopo wa asilimia 80 ya bei na mwingine wa asilimia 20 kwa wakati mmoja. Hapo dhamana ilikuwa matumaini kwamba bei zitaendelea kupanda. Zikashuka.

Sasa muuzaji. Kwa nini mtu auze nyumba yake kwa awamu? Pengine imekaa sokoni muda mrefu. Pengine hana deni nayo, ni mtu mzima, na anachotaka ni kipato cha kila mwezi bila kusumbuliwa na wapangaji na mafundi. Huyo humtambui kwa sura, unamtambua kwa swali. Mimi huwaambia wateja wangu waulize mapema, kwa adabu: pesa ya nyumba hii umepanga kuifanyia nini? Akijibu kwamba ataiweka benki, mazungumzo yameanza. Akijibu kwamba ameshalipia nusu ya nyumba nyingine, mshukuru uende zako.

Ukimpata, usimbane kwenye bei. Anayekukopesha mpe bei anayoitaka, wewe dai masharti: riba, muda, na nafasi ya kupumua ukichelewa mwezi mmoja. Hapa watu hunishangaa, kwa sababu tumezoea kupigania bei hadi jasho litoke halafu masharti tunayasoma juu juu.

Sharti la kuogopa ni lile la kumaliza salio lote kwa mkupuo. Muuzaji anakubali marejesho madogo yaliyopigiwa hesabu ya miaka 30, ila baada ya miaka 5 anataka chake chote. Kwa deni la 1,000 na riba ya asilimia 6 kwa mwaka, utalipa kama 6 kila mwezi. Miaka 5 ikiisha umeshatoa karibu 360. Deni? Limebaki takriban 930. Miaka ya mwanzo riba ndiyo inayokula karibu yote. Hizo 930 utazipata kwa kukopa tena, na siku hiyo benki itakupima upya kana kwamba haikuwahi kukuona.

Halafu kuna hati ya umiliki. Iandikwe jina lako, muuzaji awe na rehani iliyosajiliwa juu yake. Hivyo ndivyo ninavyopenda. Wauzaji wengi wanataka hati ibaki kwao hadi awamu ya mwisho. Anaweza kufariki ukaanza kujuana na warithi, au wadai wake wakaiandama nyumba uliyoilipia miaka minne. Kama hakuna namna, hati ishikwe na wakili asiyeegemea upande wowote, na haki yako iandikwe kwenye daftari la ardhi tangu siku ya kwanza.

Na nyumba yenyewe isiwe na deni la siri. Nilipoanza kazi hii niliwahi kupitisha mkataba mzuri sana, nikiliamini neno la muuzaji kwamba hana rehani. Alikuwa nayo. Mikataba mingi ya benki ina kifungu cha kudai salio lote nyumba ikihamishwa bila ridhaa yake. Marekani sheria ya 1982 iliwapa wakopeshaji nguvu ya kukitumia karibu nchi nzima. Benki ilipobisha hodi, mteja wangu alikuwa ameshapaka rangi. Tangu hapo naanza na daftari la ardhi, salamu baadaye.

Njia nyingine zipo. Kupanga ukiwa na haki ya kununua baadaye kwa bei mliyokubaliana ni nzuri kwa anayejenga rekodi yake ya mikopo. Ubia, mmoja atoe pesa na mwingine kazi, hufaa mkiandika mapema jinsi ya kuachana. Kuweka rehani nyumba uliyonayo ili ununue ya pili naona ni kamari.

Kama unanunua ili kupangisha, piga hesabu hii. Pango 10 kwa mwezi, matengenezo, kodi na bima 3, marejesho 6. Inabaki 1. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja, faida ya miezi kumi imekwenda. Kwa hiyo mteja wangu hatii saini kabla hajanionyesha akiba ya marejesho ya miezi sita. Hunilalamikia: ningekuwa na pesa hiyo si ningeilipa kianzio? Namjibu kwamba ndiyo maana tulimtafuta muuzaji asiyeihitaji.