Sheria Usizozitarajia Ndani ya Shauri la Madai

Mtu anayedai kiwanja alichokinunua huenda mahakamani akiwa na sheria ya ardhi na ya mikataba peke yake akilini. Mkataba wa mauziano anao, mashahidi waliosaini wapo hai, na mwenyekiti wa mtaa anamfahamu. Hata hivyo, kwa Tanzania Bara, mkataba huo unaweza kukataliwa kwa sababu ambayo yeye na muuzaji hawakuwahi kuitaja: haukulipiwa ushuru wa stempu.

Sheria ya Ushuru wa Stempu ni sheria ya kodi, lakini inakataza hati inayopaswa kulipiwa ushuru kupokelewa kama ushahidi katika shauri la madai kabla haijalipiwa. Malipo hayo hufanywa ndani ya siku 30 tangu hati iliposainiwa. Wanunuzi wengi hawalijui sharti hilo, na wakili wa upande wa pili anaweza kukaa kimya mpaka hati inapotolewa kizimbani, ndipo asimame kuipinga. Tunachopenda kusisitiza ni kwamba hati hiyo haijafa, kwa kuwa sheria hiyohiyo inaruhusu ipokelewe baada ya ushuru kulipwa pamoja na adhabu yake. Mdai aombe mahakama impe nafasi ya kulipa, asikubali haraka kwamba kesi imekwisha. Lililo bora ni kufika Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kabla ya kufungua shauri, maana hukumu ikishatolewa bila kielelezo hicho, rufaa ni ndefu na ina gharama.

Kikwazo kinachoumiza familia nyingi zaidi hutoka katika sheria ya mirathi. Watoto wanaodai shamba la marehemu baba yao ni warithi halali, lakini mwenye haki ya kushtaki kwa niaba ya mirathi ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Wakifungua shauri kwa majina yao wenyewe, linaweza kuondolewa kabla hata ushahidi haujasikilizwa, na wakati huo ukomo wa miaka 12 wa kudai ardhi unaendelea kuhesabiwa.

Ndoa nayo ina nguvu zake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia nyumba ya wanandoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, hivyo mnunuzi aliyelipa bei yote anaweza kujikuta akishtakiwa na mke ambaye hakuwahi kuonana naye.

Anayeishtaki Serikali naye hutakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90 na kupeleka nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, utaratibu huo unazihusu pia halmashauri, na Mwanasheria Mkuu ni lazima aunganishwe katika shauri lenyewe, ambalo hufunguliwa Mahakama Kuu. Kwa hiyo mwananchi ambaye ukuta wake umebomolewa na halmashauri, ambaye ana muda wa miaka 3 tu wa kudai fidia ya madhara, aanze kuandaa notisi yake mapema.