Uwatu: maswali ya wazazi, wenye kisukari na wapenda urembo wa Tanga

Tanga uwatu haukosekani. Sokoni Mgandini unauzwa pamoja na bizari, iliki na mdalasini, na sifa zake utapewa bure: unaongeza maziwa, unashusha sukari, unafungua hamu ya kula, unajaza nyonga. Sifa hizo hazina uzito sawa. Haya ndiyo maswali yanayoulizwa sana, na majibu yake.

Uwatu umetoka wapi?

Asili yake ni mashariki mwa Mediterania na Asia ya Magharibi. Wamisri wa kale waliutumia. Mbegu zake zilikutwa hata katika kaburi la Tutankhamun. Siku hizi India ndiyo inayolima kwa wingi kuliko nchi nyingine. Ni mmea wa jamii ya kunde, kwa hiyo una undugu na karanga na dengu.

Nimejifungua juzijuzi na mama mkwe ananipikia uji wa uwatu asubuhi na jioni. Maziwa yataongezeka kweli?

Huenda, dada, ila usiuwekee matumaini yote. Mwaka 2011 utafiti mmoja wa Uturuki uliofuatilia wazazi 66 na watoto wao uliona kwamba waliokunywa chai yenye uwatu walipata maziwa mengi zaidi siku za mwanzo, na watoto wao waliurudia uzito wa kuzaliwa mapema. Kundi hilo ni dogo. Tafiti nyingine hazikuona tofauti, na zinapopimwa kwa pamoja ushahidi unabaki dhaifu.

Kinachoita maziwa kwa uhakika ni mtoto mwenyewe: anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, ashike titi vizuri, na asipewe maji wala uji kabla ya miezi sita. Mama mkwe naye usimkatishe tamaa, maana mzazi anahitaji kula na uji ni chakula. Mwombe tu apunguze uwatu ukiona mtoto anaharisha au tumbo linamjaa gesi.

Halafu kuna hili la harufu. Uwatu una kemikali iitwayo sotoloni, inayotoka kwenye jasho na mkojo na kunukia kama sukari guru. Upo ugonjwa adimu wa kurithi ambao nao huupa mkojo wa mtoto harufu ya namna hiyo, na nchi za nje madaktari wamewahi kuushuku kwa watoto ambao kisa chao kilikuwa uwatu tu. Ukienda kliniki, mwambie nesi unachotumia.

Baba ana kisukari. Jirani anasema aache vidonge, anywe maji ya uwatu.

Hapana. Asiache.

Jirani hajatunga kila kitu. Mbegu za uwatu zina nyuzinyuzi nyingi zinazovimba na kuteleza zikirowekwa. Utelezi huo hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu baada ya mlo. Kuna tafiti zilizoona sukari ikishuka kiasi kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili. Lakini nyingi zilikuwa ndogo na fupi, na dozi zilitofautiana mno: wengine walipewa gramu 5 kwa siku, wengine hadi 100. Kijiko kimoja cha chai cha mbegu ni kama gramu 4. Sasa baba afuate dozi ipi?

Wanaodhani hospitali inadharau miti wajue historia ya metformini, kidonge cha kisukari. Chimbuko lake ni mmea mwingine wa jamii ya kunde, galega, uliotumika Ulaya tangu zamani. Kemikali ya mmea ule ilikuwa na sumu. Wanakemia wakatengeneza nyingine inayofanana nayo mwaka 1922, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo yake kwa wagonjwa. Uwatu haujapitishwa njia ndefu kama hiyo.

Hatari iliyo karibu zaidi ni kuuchanganya na insulini au glibenklamaidi (kidonge kingine cha kushusha sukari), sukari ikashuka kupita kiasi. Baba akianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba, kuona njaa kali au kuchanganyikiwa, apewe soda yenye sukari au maji ya sukari mara moja, kisha apimwe. Asipoweza kumeza, msimnyweshe kitu, mkimbizeni hospitali. Akitaka kuendelea na uwatu, daktari wake ajue. Vidonge avimeze angalau saa mbili mbali na uwatu, kwa sababu ule utelezi unaweza kuchelewesha dawa kufyonzwa.

Mjamzito je?

Uwatu ulio ndani ya achari au bizari ya mchuzi hauna neno. Unga wa vijiko au vidonge vyake, aache. Katika majaribio ya wanyama, dozi kubwa zimedhuru mimba, na Shirika la Dawa la Ulaya linashauri wajawazito wasiutumie kama dawa. Wanaopewa uwatu ili "uchungu uje haraka" wanajaribiwa tu.

Unakuza matiti na nyonga?

Hakuna ushahidi. Unaweza kuongeza hamu ya kula, na ukila zaidi utanenepa, ila mahali pa kunenepea huchagui wewe.

Nani mwingine ajihadhari?

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kuwa kuna taarifa za damu kuchelewa kuganda. Pia mwenye mzio wa karanga au dengu: midomo ikivimba au kifua kikibana, aende hospitali papo hapo.

Naweza kuotesha mbegu na kula machipukizi mabichi?

Yapike kwanza. Mwaka 2011 Ujerumani ilikumbwa na mlipuko wa bakteria hatari wa kuharisha damu. Watu zaidi ya 3,000 waliugua na zaidi ya 50 walifariki. Uchunguzi uliishia kwenye machipukizi ya mbegu za uwatu. Joto na unyevunyevu wa kuoteshea mbegu ndivyo bakteria wanavyovipenda, na kuyasuuza kwa maji hakuwaondoi wote.