Namba ya mtungi si namba ya bombani

"Arigoni yetu ni ya asilimia 99.999, kwa hiyo uchafu hauhusiki." Hapana, jamani. Hiyo ni namba ya mtungi, na wimbi la mshtuko halipiti mtungini; linapita kwenye bomba la mshtuko, yaani bomba refu ambamo gesi ya presha kubwa hupasua kiwambo (utando unaoitenga na arigoni) na kusukuma wimbi ndani ya arigoni.

Piga hesabu. Funga valvu ya pampu inayovuta hewa bombani, tuseme presha inapanda paskali 0.1 kwa dakika. Ukitumia dakika 10 kujaza na kufyatua, umeingiza paskali 1 ya uchafu. Ndani ya arigoni ya paskali 500 hiyo ni sehemu 2,000 kwa milioni. Mtungi ulikuletea 10 tu.

Kwa Mach 10, yaani wimbi likienda mara kumi ya kasi ya sauti, gesi hufika karibu kelvini 9,600 na bado karibu haina elektroni. Atomu ya arigoni huachia elektroni kwa elektronivolti (kipimo cha nishati) 15.76, hata kupanda ngazi ya kwanza ni 11.55, na atomu kugongana zenyewe hadi hapo ni kazi ya polepole mno. Elektroni chache zikishapatikana, ndizo zinazogonga na kuzaana haraka. Sodiamu, iliyomo kwenye chumvi, huachia kwa 5.14. Chumvi ya alama ya kidole kwenye kiwambo inatosha kukuonyesha mstari wa njano wa nanomita 589, basi vaeni glavu!

Kinachobadilishwa na uchafu ni muda wa kuchelewa, yaani muda tangu wimbi lipite hadi elektroni ziongezeke ghafla. Kiwango cha mwisho cha elektroni huamuliwa na joto na presha, na uchafu mdogo haukigusi. Mtu anapima elektroni za mwisho, anaona zinalingana na hesabu, anatangaza gesi ni safi. Kipimo hicho hakijibu swali hilo kabisa.

Masika hapa Arusha, kila ukifungua bomba kubadili kiwambo, unyevu hushika ukuta wa chuma, na kuvuta kwa saa moja hakuutoi. Funga valvu, chora presha dhidi ya muda: mstari ulionyooka ni kuvuja, tafuta oringi (pete ya mpira ya kuzibia) iliyoharibika; mstari unaopinda na kulala ni maji, pasha bomba joto usiku kucha pampu ikiwa inavuta.

Molekuli nazo zina pande mbili: huchangia elektroni za mwanzo, lakini pia huzinyang'anya nishati kwa kutikisika. Na thamani za mgongano wa atomu kwa atomu, yaani ni rahisi kiasi gani mgongano huo kutoa elektroni, hutofautiana sana kati ya maabara. Uchafu ni mshukiwa mmojawapo, hivyo siziamini hadi desimali ya pili.

Ukileta matokeo, andika kasi ya presha kupanda na dakika ulizosubiri kabla ya kufyatua. Bila hizo mbili siwezi kuusoma muda wako wa kuchelewa.